Kodi ya Serikali au Kodi ya Pango? Mgogoro wa Ada katika Uwanja wa Ndege wa Phoenix

Kiswahili hutumia neno moja, kodi, kwa malipo ya aina mbili. Mwenye nyumba hudai kodi kwa kuwa mpangaji hulala chini ya paa lake. Serikali hudai kodi kwa kuwa raia huishi chini ya sheria zake. Mpangaji akiona kodi imezidi, huhama. Raia hawezi kuihama serikali kwa wepesi huo, na ndiyo maana katiba nyingi huwawekea watoza kodi mipaka. Mwaka 2020, Mahakama ya Juu ya jimbo la Arizona, nchini Marekani, ililetewa kesi iliyogusa tofauti hiyo.

Uwanja wa ndege wa Sky Harbor ni mali ya Jiji la Phoenix. Teksi za mtandao, yaani zile zinazoitwa kwa simu kupitia kampuni kama Uber na Lyft, ziliruhusiwa kuhudumu hapo mwaka 2016. Baadaye zilikuwa zikilipa dola 2.66 kila zilipomchukua abiria, na hazikulipa kitu zilipomshusha. Tarehe 18 Desemba 2019, Baraza la Jiji lilipitisha ada mpya: dola 4 kwa kuchukua na dola 4 kwa kushusha, zikipanda kidogo kidogo hadi kufikia dola 5 mwaka 2024.

Jiji lilikuwa na hoja. Sheria ya shirikisho huvitaka viwanja vya ndege vijitegemee kadiri viwezavyo, na mapato yake hayaruhusiwi kutumika nje ya shughuli za uwanja. Kwa muda mrefu maegesho ya magari yalikuwa chanzo kikubwa cha fedha. Msafiri anayeacha gari nyumbani na kuita teksi halipii maegesho, lakini teksi yake hupita katika barabara za uwanja na kusimama mbele ya jengo la abiria. Jiji likasema kwamba anayeitumia mali hiyo kwa biashara hana budi kuilipia.

Mzigo huo, hata hivyo, haukukoma kwa kampuni. Kampuni za namna hii huiongeza ada katika nauli, na abiria huikuta kwenye risiti. Msafiri aliyekuwa akilipa dola 2.66 kwa safari nzima, kwenda na kurudi, sasa angelipa dola 8. Tena ada haikutofautisha umbali: kwa nauli ya dola 40, dola 4 ni nyongeza ya asilimia 10, kwa nauli ya dola 10, ni asilimia 40. Aliyeishi karibu na uwanja aliumia zaidi kuliko aliyetoka mbali. Na mgeni kutoka jimbo jingine, ambaye naye angelipa, hakuwa na kura Phoenix.

Kampuni zilitishia kuacha kuhudumu uwanjani. Wapinzani walikumbusha kwamba Novemba 2018 wapiga kura wa Arizona walikuwa wamerekebisha katiba yao ili kuizuia serikali, ya jimbo na ya miji, kuweka au kuongeza kodi na ada za miamala juu ya huduma. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Mark Brnovich, aliona kwamba ada hizo yumkini zilikiuka katiba, akaipeleka hoja hiyo mahakamani. Jiji lilijibu kwamba halikuitoza huduma ya usafiri, bali lilidai malipo ya matumizi ya uwanja wake. Kwa maneno yetu, lilidai kodi ya pango. Tarehe 2 Aprili 2020 mahakama iliamua kwamba ada hizo hazikukiuka katiba. Zilianza kutozwa tarehe 1 Mei, wakati janga la korona lilikuwa limekwisha kuwapunguza mno abiria.

Watanzania nao wanaujua mjadala wa namna hii. Tozo za miamala ya simu zilipoanza Julai 2021, wengi walilalamikia uzito wake, na baada ya miezi michache serikali ilizipunguza. Majina hubadilika: kodi, ushuru, ada, tozo. Lakini jina halitoshi kutuambia kama malipo ni ya haki.

Kipimo kizuri ni kile cha mpangaji: je, anayelipa anaweza kuhama? Phoenix ina treni ya bure, iliyoanza mwaka 2013, inayounganisha uwanja na kituo cha reli ya mjini cha 44th Street. Kijana mwenye begi moja anaweza kuipanda na kuikwepa ada. Mama mwenye watoto wawili na masanduku matatu, ndege yake ikitua usiku wa manane, hawezi kwa urahisi huo. Kwake yeye, kodi ya pango imekwisha kufanana na kodi ya serikali, vyovyote mahakama itakavyoiita.