Taarabu mtandaoni: unanunua nini, na pesa zinakwenda kwa nani

Mtu akitaka kibao cha Juma Bhalo leo hana haja ya kutoka nyumbani, na hata akitoka, maduka aliyoyajua babake mengi yao sasa yanauza simu na chaja. Zamani muziki wa pwani ulinunuliwa kwa mtu anayeujua. Assanand and Sons wa Mombasa hawakuwa wauzaji wa santuri tu, walizitoa wenyewe kwa lebo ya Mzuri. Zilipoingia kanda, Mbwana Radio Service ikawa jina kubwa la taarabu hapa mjini. Uliweza kuingia dukani hujui jina la wimbo, ukaimba kidogo kwa aibu, na muuzaji akakutolea. Mtandao hauna mtu huyo. Unajibu herufi ulizoandika, basi.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ukisikiliza kwa Spotify, iliyofika Kenya Februari 2021, au kwa Boomplay, hujanunua wimbo. Umelipia ruhusa ya kusikiliza, au umelipa kwa kuvumilia matangazo. Mkataba wa kampuni na mwenye wimbo ukiisha, wimbo hutoweka na wewe huna pa kudai. Kununua ni kupakua faili ikakaa kwako. Apple walipofungua duka la iTunes mwaka 2003 waliuza wimbo kwa senti 99 za dola, lakini faili zilikuwa na kufuli. Kufuli hilo liliondolewa mwaka 2009. Bandcamp, iliyoanza 2008, huuza faili isiyo na kufuli, na kwa kawaida hujikatia asilimia 15 ya bei kabla ya gharama za malipo. Kwa anayetaka kumiliki, hapo ndipo pa kutafuta kwanza.

Kutafuta kwenyewe ni kazi. Bhalo huandikwa Bhalo, Bhallo na Balo. Zein l'Abdin ni Zein, Zain, na mara nyingine hufichwa chini ya jina la kikundi, Zein Musical Party. Jaribu kila namna, kisha jaribu jina la kikundi na jina la lebo. Zipo pia rekodi zilizokusanywa ng'ambo: mwaka 2005 kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ilitoa sehemu ya pili ya mfululizo wa Zanzibara, yenye taarabu ya Mombasa ya 1965 hadi 1975. Asiyejua neno Zanzibara hatadhani Mombasa imo humo.

Malipo siku hizi si kikwazo kikubwa. Tangu 2022 M-Pesa ina kadi ya Visa isiyoshikika, ya namba tupu, nayo hukubaliwa na maduka mengi ya nje. Angalia tu bei iliyobadilishwa kuwa shilingi kabla ya kubonyeza. Ukipewa hiari ya aina ya faili, wimbo wa dakika kumi kwa MP3 ya kiwango cha juu, 320, huchukua kama MB 24. FLAC ni nzito zaidi lakini haipunguzi kitu katika rekodi, na kwa udi tofauti husikika ukiwa na spika nzuri. Kwa spika ya simu usijisumbue. Weka nakala ya pili kwenye flashi, kwa kuwa maduka haya nayo hubadilisha wenyewe: Bandcamp ilinunuliwa na Epic Games mwaka 2022, na mwaka uliofuata ikauzwa kwa Songtradr.

Sasa swali la pesa, nalo ndilo zito. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, rekodi ya sauti hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Utungo hulindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo santuri ya 1968 rekodi yake imeshatoka kwenye ulinzi, lakini maneno na mahadhi yake huenda bado yana mwenyewe. Katika taarabu yetu mwenye maneno mara nyingi si mwimbaji. Juma Bhalo aliimba tungo nyingi za ndugu yake, malenga Ahmad Nassir, na ukifungua ukurasa wa wimbo mtandaoni aghalabu utaona jina la mwimbaji peke yake. Pahali pa mtunzi pakiwa patupu, haki ya mtunzi haina pa kwenda, hata mnunuzi akilipa kwa moyo safi.

Kabla ya kununua, basi, tazama nani ameupandisha wimbo. Lebo au kikundi chenye jina na anwani ni afadhali kuliko akaunti iliyojaza nyimbo za watu ishirini na picha moja ya ufukwe. Na wenye daftari la tungo za mzee nyumbani waanze kwa kuandika orodha: beti, mwaka, nani aliimba. Kazi husajiliwa kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, na ombi linaweza kupelekwa kwa mtandao.