Mbuyu, Mnara na Majina Yasiyoandikwa



Wapendwa waamini, hivi karibuni tulikwenda kuhiji Bagamoyo pamoja na vijana wa parokia yetu. Karibu kila kijana alikuwa na simu yenye kamera, nasi hatukuwazuia kupiga picha. Kitabu cha Hekima ya Sulemani, sura ya 13, kinatufundisha kwamba uzuri wa viumbe humwongoza mwanadamu kumtambua Yeye aliyeviumba. Anayeielekeza kamera baharini wakati wa mapambazuko huenda ameanza kusali pasipo kujua.

Tuliporudi tulizitazama picha hizo pamoja. Zilikuwa nzuri. Lakini tulipouliza, “Hapa ni wapi, na palitendeka nini?” wengi walinyamaza. Ukimya huo ndio uliotusukuma kuandika tafakari hii.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, wakitokea Zanzibar. Mji ule ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoleta pembe za ndovu na watumwa kutoka bara. Wamisionari waliwakomboa watumwa, wengi wao wakiwa watoto, wakawapa makao, shule na mashamba. Mwaka huohuo walipanda mbuyu ambao hadi leo unatoa kivuli katika viwanja vya misheni.

Kijana mmoja aliupiga picha mbuyu huo kwa karibu sana, mahali ambapo pete chache za mnyororo zinachungulia kutoka ndani ya gome. Wenzake walipoiona walisema mara moja, “Huo ni mnyororo wa watumwa.” Sivyo. Inasimuliwa kwamba Madame Chevalier, mlei Mfaransa aliyewahudumia wagonjwa, alikuwa akimfunga punda wake hapo. Miaka ikapita, mti ukanenepa, ukaumeza mnyororo. Picha haikusema uongo, ila haikuwa na mtu wa kuisemea, na alama ya huruma ikageuka kuwa alama ya ukatili.

Mbali kidogo na hapo unasimama mnara wa kanisa la kale. Mwezi Februari 1874 mwili wa David Livingstone, aliyefariki mwaka 1873 katika nchi iitwayo leo Zambia, ulilazwa humo usiku mmoja kabla ya kuvushwa Zanzibar na kisha kupelekwa Uingereza. Uliletwa pwani na Waafrika waliotembea kwa miezi mingi, wakiongozwa na Susi na Chuma. Mwaka huohuo wa 1874 wawili hao walifika Uingereza, wakapigwa picha, na majina yao yakahifadhiwa pamoja na picha hizo. Ndiyo maana leo tunaweza kuwatazama usoni na kuwaita kwa majina.

Lakini wabebaji wengine wengi wa msafara ule hatuwajui kwa sura. Na katika picha nyingi za karne ya 19 zilizopigwa pwani yetu, maelezo yanataja jengo, au mji, au mpiga picha. Mtu aliyesimama mbele ya jengo anaitwa tu “mtumwa”, “mpagazi” au “mwenyeji”. Mwanga ulimgusa mtu huyo kama ulivyougusa ukuta ulio nyuma yake. Ukuta ukapewa jina, yeye akanyimwa.

Tusiwahukumu upesi watu wa kale. Mwaka jana, tulipokuwa tukisafisha kabati la sakristia, tuliikuta picha ya kanisa letu la kwanza, lile la udongo na nyasi. Mbele yake wamesimama watu kumi na wanne, pamoja na mtoto aliyeshika msalaba. Tuliwaonyesha wazee wa parokia. Waliwatambua watatu. Hao kumi na mmoja, ambao huenda ndio waliobeba mawe ya msingi wa kanisa tunalosalia leo, Mungu peke yake ndiye anayewajua. Tulisikia uchungu, na pia aibu, kwa sababu miaka kumi tu iliyopita bado walikuwapo ambao tungeweza kuwauliza.

Kwa hiyo tunawaomba jambo moja. Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, kila jumuiya ilete picha zake za zamani: ubatizo, ndoa, ujenzi, mikutano ya WAWATA, hata ule mwembe uliokatwa ili kupanua uwanja. Vijana watazipiga picha upya kwa simu zao, na wazee watakaa karibu nao wataje majina, mahali na mwaka, nayo yataandikwa. Anayemfahamu mzee asiyeweza kutembea, ampelekee picha hizo nyumbani wiki hii, asingoje.

Mchungaji mwema huwaita kondoo wake kwa majina. Nasi tukiisha kuufurahia uzuri wa mti na mnara, tusiwasahau waliokaa kivulini mwake.