Huru Si Bure

Kompyuta yangu iligoma Jumapili usiku, stima ilipokatika ikarudi. Haikutoa moshi wala mlio. Ilileta skrini nyeusi yenye neno moja, initramfs, na kialama kikimetameta pembeni, kama mtu anayekungoja useme kitu. Mimi sikuwa na la kusema.

Ndani ya hiyo mashine mlikuwa na masaa kumi na moja ya sauti ya nyanya yangu. Nilimrekodi kwa simu, vipande vipande, akieleza vile watu wetu walivyofika Frere Town, nani aliolewa Rabai, nani alifunzwa useremala na nani, nani alizikwa wapi. Simu ilipojaa nikahamishia zote kwa kompyuta. Kopi nyingine sikuweka. Na nyanya alikuwa ametutoka miezi mitano iliyopita.

Niseme mapema kwamba mimi si mtaalamu. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipogoma. Hiyo kompyuta ni desktopu kuukuu niliyonunua kwa mtu, na niliiwekea Linux kwa sababu mbili tu: ilikuwa nyepesi kwa mashine yangu, na leseni ya kitu kingine sikuwa na uwezo nayo. Falsafa ilikuja baadaye.

Kesho yake asubuhi nikaibeba hadi saiba moja hapa Kengeleni. Jamaa wa pale ni mpole, na ana sheria zake. Kabla ya kugusa chochote aliniuliza, "Ndugu yangu, skrini imesema nini? Usinambie imeharibika. Nambie imesema nini." Nikamsomea mstari kwa mstari. Akaweka sikio kwa diski, akasikia inagonga tik, tik. Akasema kuna amri ya kurekebisha mafaili, fsck, na watu wengi wangeipiga hapo hapo. Lakini amri hiyo inaandika kwenye diski, na diski inayokufa haiandikwi, inanakiliwa kwanza. Kisha akampigia simu mama mmoja wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kuonana naye, wanafahamiana kwa haya mambo ya Linux tu. Mama akathibitisha: washa mashine kwa fleshi, chomeka diski nyingine, tumia ddrescue. Programu hiyo huchukua kwanza sehemu nzima nzima za diski, halafu inarudi polepole kwa zile mbovu, mara ya pili, mara ya tatu.

Ilichukua siku mbili. Pesa alikataa, akakubali chai na mahamri. Na mimi, nikiwa nimekaa kwenye benchi nikitazama asilimia zikipanda kwa uvivu, nikaanza kujiuliza desturi hii imetoka wapi. Mtu wa Dar ana haja gani na nyanya yangu?

Jibu moja linaanzia kwa printa. Miaka ya 1980 ikianza, Richard Stallman alikuwa mwanaprogramu pale MIT, Marekani. Printa ya zamani ya maabara yao ilikuwa ikikwamisha karatasi, naye alikuwa ameibadilisha programu yake ili ikikwama iwajulishe wote wanaongoja kazi zao, mmoja wao ainuke akaitengeneze. Ikaja printa mpya. Nayo ilikwama, lakini msimbo wa programu yake ulikuwa umefungwa, na aliyekuwa nao alikataa kumpa. Yaani shida ilikuwa ile ile, ila sasa ilikuwa marufuku kuambiana. Mwaka 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, mfumo ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuuchungulia ndani, kuubadilisha na kumgawia jirani. Mwezi Agosti 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akatangaza kwamba anaunda kiini cha mfumo, akaomba maoni ya watu. Vitu hivyo viwili vilipokutana ndipo tukapata hii Linux tunayobishana nayo leo.

Stallman amepoteza miaka mingi akieleza jambo ambalo Mswahili halimsumbui. Kiingereza kina neno moja, free, kwa mambo mawili. Ukisema programu ni free, watu wanasikia haina bei, ilhali yeye anamaanisha haina minyororo. Sisi tuna maneno mawili, huru na bure, na mtoto wa chekechea hawezi kuyachanganya. Na kama kuna mtaa ambao ungepaswa kuielewa tofauti hiyo kuliko mingine yote, ni huu wetu.

Frere Town ilianzishwa na wamishenari wa CMS mwaka 1875, upande huu wa bara unaotazamana na kisiwa cha Mombasa. Ilipewa jina la Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Zanzibar kumshinikiza Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa, na mwaka 1873 mkataba ukatiwa saini. Manowari za Uingereza zilikuwa zikikamata majahazi baharini, na waliookolewa walihitaji pa kushukia. Wakashushwa hapa: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine, watu wasio na ukoo wala shamba pwani hii, wengi wao watoto.

Tulipokuwa shuleni tulifundishwa kwamba waliachiliwa huru, hadithi ikaishia hapo. Nyanya hakuishia hapo. Alikuwa akiuliza: umeshushwa ufukweni, minyororo imekatwa, haya, kesho asubuhi unafanya nini? Unaongea lugha gani na jirani? Nani anakuonyesha maji yako wapi?

Walioonyesha ni akina wale walioitwa Waafrika wa Bombay. Nao walikuwa wametekwa wakiwa wadogo, wakaokolewa baharini, wakapelekwa India na kulelewa kwenye kituo cha misheni karibu na Nasik, ambako walijifunza uhunzi, useremala, ujenzi na kusoma. William Salter Price, aliyekisimamia kituo hicho, ndiye aliyetumwa kuanzisha Frere Town, na kama watu 150 hivi walivuka bahari kuja kufanya kazi hapa na Rabai. Wao walikuwa wameshapitia ile kesho asubuhi. Kwa hiyo mtu aliyetoka kwenye jahazi jana alifundishwa na mtu aliyetoka kwenye jahazi miaka ishirini nyuma. Ukiniuliza mimi, huo ndio uliokuwa mfumo wa Frere Town, kuliko ibada na kuliko ramani ya misheni.

Sitaki kuupaka sukari. Uhuru wa hapa ulikuwa na msimamizi, ratiba na viboko. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 uchapaji huo ulizua kashfa iliyofika hadi London. Hao wa Bombay wenyewe walilalamika kwamba wanafanya kazi kubwa na kuhesabiwa wadogo. Na bure haikuwepo kabisa. Tarehe 1 Januari 1889, pale Rabai, watumwa zaidi ya 1,400 waliokuwa wametorokea misheni walipewa vyeti vya uhuru. Waliolipwa fidia siku hiyo ni waliokuwa mabwana zao. Aliyekuwa mtumwa aliondoka na karatasi.

Halafu kuna kengele. Ukishuka matatu Kengeleni utaiona pale kando ya barabara, imening'inia kwenye upinde wake, bodaboda zimeizunguka. Ndiyo iliyoipa sehemu hii jina. Wazee wanasema ilipigwa kuonya kwamba wenye kuwinda watumwa wanakuja. Kengele haimwokoi mtu. Inawaambia watu wote kwa wakati mmoja kile ambacho mmoja amekiona, basi. Nilipofikiria ile printa ya MIT nilicheka peke yangu kwenye benchi.

Linux ilitufikia kwa mkono vilevile. Oktoba 2004 ilitoka Ubuntu, na kwa miaka kadhaa, hadi 2011, ungeweza kuagiza CD yake ikakujia kwa posta bila kulipa. Mwaka huo huo wa 2004, mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukisaidiwa na Waswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Hakuna kampuni iliyoombwa ruhusa. Msimbo ulikuwa wazi, wakaingia wakatafsiri. Wakati huo intaneti yetu ilikuwa ya setilaiti, ghali na ya kobe. Kebo za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009 ndipo mambo yalipobadilika. Kabla ya hapo, faili la megabaiti 700 hulishushi kwenye saiba inayohesabu dakika. Mmoja analipata, anachoma CD, mwingine anaazima. Na ukiazima CD, shida zake pia unakuja kuulizia pale pale.

Shida zenyewe ni za kawaida mno. Waifai haionekani: unganisha simu kwa waya, tumia intaneti yake kushusha draiva. Mashine inawaka lakini haikuruhusu kuingia: huenda diski imejaa, angalia kwa df -h. Umeweka Linux na Windows pamoja na saa inaruka masaa matatu: hakuna jini, ni kwamba mfumo mmoja unaweka saa ya ndani kwa majira ya dunia na mwingine kwa majira ya hapa, na sisi tuko masaa matatu mbele. Majibu haya unayapewa na mtu ambaye yalimsumbua wiki nzima, naye hataki yakusumbue wewe.

Sasa hofu yangu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifika mwisho wa msaada wake wa kawaida, na Windows 11 rasmi haizikubali mashine nyingi za zamani. Kompyuta hizo zimejaa kwenye saiba na mashule ya Kisauni, na zinafanya kazi. Linux inaweza kuzipa miaka mingine, lakini Linux bila mtu wa kuulizwa ni cheti cha Rabai: uko huru, haya, kesho asubuhi unafanya nini? Na mtu wa kuulizwa si mali ya kudumu. Yule jamaa wetu anatafuta kazi Qatar. Akienda, anaenda na kila kitu alichonacho kichwani. Hata shule ya theolojia iliyoanzishwa hapa Frere Town mwaka 1903 ilihamia Limuru mwaka 1930, leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Vitu vya hapa vina tabia ya kuhama, na mimi mwenyewe niliyeacha chuo sina ubavu wa kumlaumu yeyote.

Jumatano jioni ddrescue ilimaliza. Katika rekodi arubaini na mbili, arubaini na moja zilifunguka. Iliyobaki ina dakika sita hivi za kwanza, kisha mkwaruzo. Nyanya alikuwa anaanza kutaja jina la mama wa babu yake, lile la kule walikotoka, la kabla ya ubatizo. Hakuna mwingine nyumbani anayelijua.

Nikanunua daftari la mistari, kwaya mbili, nikaliacha kwenye kaunta ya saiba. Kila anayetatuliwa shida anaandika vitu vitatu: skrini ilisema nini, tulijaribu nini, nini kilifanya kazi. Kwa Kiswahili. Ukurasa wa kwanza ni wangu, na mstari wa mwisho nimeupigia msitari mara mbili: weka kopi kabla hujahitaji kuja hapa. Mpaka leo tumefika ukurasa wa kumi na saba. Ukiwa karibu, pitia. Liko upande wa kushoto wa printa, ambayo bado inakwama.