Mdudu wa kidole: cha kufanya nyumbani, na wakati wa kukimbilia zahanati

Leo tuongelee kitu kidogo kinachoweza kukukesha usiku mzima: kidole kuvimba pembeni ya kucha, kinakuwa cha moto na kinapwita kama kina moyo wake. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani sana, utaona tu pameiva na panang'aa. Mtaani tunasema kimeingia mdudu.

Ukweli ni kwamba humo hakuna mdudu wa kutambaa. Ile ngozi laini inayozunguka kucha kazi yake ni kuziba mwanya kati ya kucha na nyama. Ikikatwa au kuchanika, bakteria wanapenya. Anayeongoza anaitwa Staphylococcus aureus, na watu wengi tunatembea naye kwenye ngozi au puani bila shida. Mlango tunamfungulia wenyewe: kutafuna kucha, kung'oa vigozi kwa meno, kukata ngozi ya kucha ili rangi ikae vizuri. Watoto wanaonyonya vidole nao hawaponi.

Kama ndio kwanza kimeanza na hakijatunga usaha, fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni, kisha loweka kidole kwenye maji safi ya moto ya kuvumilika. Yapime kwanza kwa kiwiko, usije ukajiunguza. Loweka dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku.
2. Kausha vizuri kwa kitambaa safi. Unyevu ukibaki, tatizo nalo linabaki.
3. Ukiwa na kazi ya kushika uchafu, funika kwa bandeji safi, na ibadilishe ikilowa.
4. Maumivu yakizidi, parasetamoli inatosha, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Usikamue wala usitoboe kwa sindano ya kushonea au mwiba, maana unasukuma uchafu ndani zaidi. Kuna wanaochomeka kidole kwenye limau. Asidi yake inaunguza ngozi iliyoumia na usaha hauufikii. Na jamani, tuache kununua vidonge viwili vitatu vya antibiotiki dukani. Dozi nusu inawazoesha bakteria dawa, siku ukiumwa kweli haikusaidii.

Sasa nenda kituo cha afya kama siku 2 zimepita hakuna nafuu, au ukiona usaha umetunga. Usaha mwingi hautoki kwa vidonge peke yake, mhudumu anapasua kidogo kwa kifaa safi na unapata nafuu haraka. Usisubiri kabisa ukipata homa, ukiona mstari mwekundu unapanda mkononi, nyama ya ncha ya kidole ikiwa ngumu na inauma sana, au kidole kikishindwa kukunjika. Mwenye kisukari au kinga iliyoshuka aende siku ya kwanza tu. Ukiona malengelenge madogo yenye maji, usiyapasue, yanaweza kuwa ya kirusi cha herpes na hayo yana dawa yake.

Kuna na aina ya pili, ile inayozidi wiki 6. Hii inawapata mama lishe, wafuaji nguo, waosha vyombo na wasusi, watu ambao mikono haikauki. Sabuni na maji vinakula ile ngozi, halafu fangasi nao wanajikaribisha. Hapa kulowekaloweka hakusaidii, dawa ni ukavu: vaa glavu, kausha vidole, paka mafuta ya mgando. Nasema hivi kwa sababu mtaani kwetu kuna dada anaishi kwa kufua. Kidole kimoja kikivimba, anakaa siku nne bila kufua, na siku hizo nne nyumbani hakuna hela ya unga. Pea moja ya glavu ni nafuu kuliko hiyo hasara.

Mwisho, kina dada (na kina kaka siku hizi!), mkienda kusafishwa kucha, saluni au kwa wale vijana wa vikapu wanaogonga chupa za rangi, bebeni vifaa vyenu. Kifaa kilichomkata mwenzio kinaweza kukuletea hata homa ya ini aina ya B. Na mwambie asikate ile ngozi.

Je wadau, kwenu huwa mnakitibu vipi? Tujuzane hapo chini.