Kivungulio cha gharama nafuu: Jinsi ya kukiimarisha dhidi ya upepo

Mkulima mwenye kipande kidogo cha ardhi anaweza kuunda kivungulio kwa nguzo za mikaratusi badala ya vyuma na kupunguza gharama pakubwa. Hata hivyo, vingi vya aina hiyo huraruliwa na upepo kabla mwenyewe hajarejesha pesa zake. Aghalabu plastiki ndiyo hulaumiwa, ilhali kasoro huwa katika ujenzi.

Upepo unaopita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na ule unaopenya mlangoni hulisukuma kutoka ndani. Kwa hivyo, hatari kubwa si kivungulio kuanguka, bali kung'oka. Katika maeneo kama Ngong, ambako mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo iliwekwa mara ya kwanza mnamo 1993, hili si jambo la kupuuzwa.

Kabla ya kuchimba shimo lolote, mkulima achunguze historia ya udongo. Mahali palipowahi kupata mnyauko wa bakteria hapafai kwa nyanya, kwani ugonjwa huo hauna tiba na kivungulio hakihamishiki kwa urahisi. Upande mfupi uelekezwe kunakotoka upepo mkali.

Kwa kivungulio cha mita 8 kwa 15, nguzo zifukiwe kina cha sentimita 60 au zaidi, na udongo ushindiliwe tabaka kwa tabaka. Ncha zinazoingia ardhini hupakwa oili chakavu ya injini ili kuzuia mchwa, lakini oili hiyo isiguse plastiki maana huidhoofisha. Kila pembe iwekewe mihimili ya mshazari. Ni mbao chache tu, lakini wajenzi wengi huziruka, na fremu isiyo nazo huyumba hadi misumari ikalegea.

Plastiki inayofaa ni ile iliyotiwa kinga dhidi ya miale ya jua, yenye unene wa mikroni 200. Ile ya kawaida ya madukani hukauka na kupasuka upesi. Itandazwe siku yenye joto isiyo na upepo, ikiwa imelainika. Baridi ikiingia itajikaza yenyewe. Misumari isipigiliwe moja kwa moja juu yake, kwa kuwa kila tundu ni mwanzo wa mpasuko. Ibanwe kwa fito zilizolainishwa, huku vipande vya mpira wa tyubu kuukuu vikiwekwa katikati. Kingo za chini zifukiwe kwenye mtaro wa sentimita 30 hivi kuzunguka kivungulio chote.

Palipo na paipu za chuma, sehemu zinazogusana na plastiki zifungwe kitambaa cheupe. Chuma kilichopata moto juani huiunguza pole pole, na hapo ndipo huanza kukatika.

Kuimarisha si kuziba kila mahali. Joto likizidi nyuzi 35, maua ya nyanya hupukutika bila kuzaa. Pande za juu ziachiwe nafasi iliyofunikwa kwa neti ya wadudu, yenye matundu madogo ya kuzuia hata kantangaze, nondo aliyeingia nchini mnamo 2014.

Mlango ufungwe kila upepo unapoanza kuvuma. Mpasuko, hata uwe wa urefu wa kidole, uzibwe siku hiyo hiyo kwa utepe wa plastiki ndani na nje, kwani usiku mmoja wa dhoruba hutosha kuueneza hadi upande wa pili wa paa.