Shahidi Asiye na Miwani

Januari mwaka 1965, mwanamke mmoja aitwaye Barbara Robb alienda kumwona mama mzee aliyekuwa amelazwa katika hospitali ya Friern, kaskazini mwa London. Friern ilikuwa hospitali ya magonjwa ya akili, jumba refu la enzi za Malkia Victoria lililofunguliwa mwaka 1851 kwa jina la Colney Hatch. Kufikia miaka ya sitini, wodi zake zilikuwa zimejaa wazee. Baadhi yao walikuwa wagonjwa kweli. Wengine walikuwa wamezeeka tu, wakakosa pa kuwekwa.

Robb hakuwa mkaguzi wala mwandishi wa habari. Alikuwa mgeni wa saa za kuona wagonjwa, kama wewe na mimi na mifuko yetu ya matunda. Lakini alichokiona kilimkaa rohoni. Wanawake wazee walikuwa wameketi tu, hawana la kufanya kuanzia asubuhi hadi usiku. Wamevishwa nguo za hospitali, vitu vyao wenyewe havipo. Miwani imechukuliwa. Meno bandia yamechukuliwa. Vifaa vya kusikilizia vimechukuliwa. Robb akarudi nyumbani, akaanza kuandika shajara.

Sasa ngoja kidogo, tuviangalie hivyo vitu vitatu, kwa sababu habari yote imo humo. Mtu asiye na miwani hawezi kusoma barua wala kuandika nyingine. Hawezi hata kusema kwa uhakika ni nani aliyemsukuma jana usiku. Mtu asiye na meno anaongea maneno yasiyoeleweka vizuri, na wanaomsikiliza wanachoka haraka. Mtu asiyesikia anaulizwa swali moja, anajibu lingine, na anayeuliza anaandika kwenye faili kwamba mzee amechanganyikiwa. Pengine waliokusanya vitu hivyo walikuwa wanapunguza kazi tu: visipotee, visivunjike, visichanganywe. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba kila mwathiriwa alikuwa ameshaharibiwa kama shahidi kabla hajafungua kinywa.

Hospitali hizo zilifikaje hapo? Kwa muda mrefu, mzee maskini wa Uingereza aliyeugua na asiye na wa kumtunza aliishia kwenye nyumba za maskini, zile zilizojengwa ili kuwapa watu hifadhi na aibu kwa pamoja. Mwaka 1935, daktari Marjory Warren wa hospitali ya West Middlesex alikabidhiwa wagonjwa zaidi ya 700 kutoka nyumba kama hiyo. Wengi walikuwa wamelala kitandani muda mrefu na hakuna aliyekuwa amewapima sawasawa kujua wanaumwa nini. Warren akaanza kuwapima mmoja mmoja. Kumbe wengine wangeweza kusimama. Wengine wangeweza kutembea, na wengine wangeweza kurudi nyumbani. Kilichowaweka kitandani ni kwamba waliwahi kuwekwa kitandani, basi. Alichapisha hoja zake katika majarida ya udaktari miaka ya arobaini, na leo anahesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa tiba ya wazee.

Kisha, Julai 1948, serikali ya Uingereza ikaanzisha huduma ya afya ya taifa, NHS, matibabu bure kwa kila mtu. Waingereza waliipenda na bado wanaipenda. Lakini NHS ilirithi majengo yale yale ya zamani, na ndani ya majengo ilirithi mazoea. Na ukweli ni kwamba kitu kinachopendwa na taifa zima ni kigumu kukisema vibaya. Anayelalamika anaonekana msaliti.

Robb alijaribu. Alianzisha kikundi kidogo kilichoitwa AEGIS, cha kuwatetea wazee walio katika taasisi za serikali. Tarehe 10 Novemba 1965, gazeti la The Times lilichapa barua yake na wenzake, watu kumi wenye majina, wakiwemo waheshimiwa wa bunge la malodi. Hawakuweka jina la hospitali. Walitaja miwani, meno na vifaa vya kusikilizia, wakaeleza upweke na kukaa bure, kisha wakawaomba wanaojua zaidi wawaandikie. Barua zikamiminika kwa mamia. Zilitoka kwa jamaa za wagonjwa, na zilitoka pia kwa wauguzi.

Hao wauguzi ndio wa kuwafikiria sana. Wao walikuwa na miwani yao. Walikuwa na macho, masikio na meno. Lakini muuguzi anayesema ana mengi ya kupoteza: kazi, barua ya sifa, na mara nyingi nyumba, kwa sababu wengi waliishi katika nyumba za hospitali. Kwa hiyo ushahidi wa wazee ulipokonywa, na ushahidi wa walioona ukawekewa bei ambayo wengi hawangeweza kulipa. Wachache walilipa. Juni 1967, Robb alichapisha maelezo yao pamoja na shajara yake katika kitabu alichokiita Sans Everything. Jina hilo limetoka kwenye tamthilia ya Shakespeare, As You Like It, pale anapoeleza uzee wa mwisho; neno la kwanza ni la Kifaransa, nalo maana yake ni "bila". Bila chochote. Ndani yake kuna wazee wanaopigwa, wanaotukanwa, wanaovutwa huku na huku kama mizigo. Kuna pia mapendekezo. Mmoja wa waliochangia, Brian Abel-Smith, profesa wa London School of Economics, alitaka pawe na afisa huru wa kupokea malalamiko ya wagonjwa.

Serikali ilifanya nini? Iliunda kamati za uchunguzi. Mambo yalichacha hapo, kwa sababu kamati hizo ziliteuliwa na bodi za mikoa, bodi zile zile zilizokuwa zikisimamia hospitali zilizolalamikiwa. Sisi tuna msemo wa hilo: kumpelekea nyani kesi ya ngedere. Julai 1968, Waziri wa Afya, Kenneth Robinson, alileta ripoti bungeni. Ikasema malalamiko mengi hayakuwa na msingi au yalitiwa chumvi kupita kiasi. Robb akabaki kama mama mwenye kelele, na waliomwamini wakabaki midomo wazi.

Ingeishia hapo, hadithi hii ingekuwa fupi na ya kawaida. Lakini kulikuwa na hospitali nyingine, Ely, mjini Cardiff, iliyolea hasa watu wenye ulemavu wa akili. Mfanyakazi mmoja wa ngazi ya chini, msaidizi wa wauguzi, alipeleka aliyoyaona kwa gazeti la News of the World. Ndiyo, gazeti la udaku. Agosti 1967 likachapa. Safari hii uchunguzi uliongozwa na wakili aliyejua kazi yake, Geoffrey Howe, na akakuta kwamba mengi aliyoyasema yule msaidizi yalikuwa kweli. Wapo waliotaka ripoti itolewe kwa ufupi tu. Waziri mpya, Richard Crossman, aliamua kuitoa nzima, Machi 1969. Nchi ikashtuka. Mara tu baada ya hapo pakaundwa kikosi cha kutembelea hospitali na kutoa ushauri, na mwaka 1973 sheria ikaanzisha ofisi ya kupokea malalamiko ya wagonjwa wa NHS, jambo ambalo watu wa Robb walikuwa wamelipigia debe kwa miaka. Robb mwenyewe alifariki mwaka 1976. Friern ilifungwa mwaka 1993, na leo lile jumba ni nyumba za kifahari.

Mtu angedhani baada ya hapo somo liliingia. Kufikia miaka ya 2000, Uingereza ilikuwa imegeukia takwimu. Kila hospitali ilipimwa: muda wa kusubiri, hesabu ya fedha, malengo yaliyofikiwa. Februari 2008, taasisi iliyosimamia hospitali ya Stafford ilipandishwa hadhi na kupewa uhuru wa kujiendesha, ishara kwamba kwenye karatasi mambo yalikuwa sawa. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2009, wakaguzi wa serikali walitoa ripoti ya kutisha kuhusu hospitali hiyo hiyo. Wagonjwa, wengi wao wazee, waliachwa kwenye shuka chafu. Chakula kiliwekwa mbali na mkono wa mgonjwa, kisha sahani ikaondolewa ikiwa imejaa. Baadhi ya jamaa walisimulia kwamba wagonjwa walikunywa maji ya vyombo vya maua kwa kiu. Muuguzi mmoja wa kitengo cha dharura alieleza jinsi muda wa kusubiri ulivyoandikwa uongo ili lengo la saa nne lionekane limefikiwa.

Ni nani aliyefanya hayo yajulikane? Takwimu za vifo zilichangia, kwa sababu zilionyesha hospitali hiyo inapoteza watu kuliko ilivyotarajiwa. Lakini wakubwa wake walibishana na takwimu hizo, wakisema tatizo ni namna zilivyoandikwa. Aliyezipa sura ni Julie Bailey, ambaye mama yake, Bella, alifia humo Novemba 2007. Julie alikuwa amekaa kando ya kitanda wiki nane, usiku na mchana, kwa sababu aliogopa kumwacha. Baadaye aliwakusanya wenzake waliofiwa, wakabandika picha za wapendwa wao ukutani katika mkahawa wake, wakapiga kelele mpaka uchunguzi wa hadharani ukafanyika. Ripoti yake, iliyotolewa Februari 2013 chini ya wakili Robert Francis, ina mapendekezo 290. Shukrani aliyopata Julie kwa wenyeji? Alitukanwa, kaburi la mama yake likaharibiwa, akahama mji.

Weka 1965 kando ya 2007 uone. Miaka arobaini na kitu imepita, kompyuta zimekuja, wakaguzi wameongezeka, na bado aliyegundua ni mgeni aliyeketi kando ya kitanda. Na bado jibu la kwanza lilikuwa kumtilia shaka yeye.

Hapa kwetu tunapenda kusema kwamba hayo ni ya wazungu. Sisi hatutupi wazee. Kuna ukweli ndani yake, ila si ule tunaodhani. Katika hospitali zetu nyingi za umma, jamaa ndiye anayemlisha mgonjwa, anayemgeuza, anayekimbia kununua dawa isiyopatikana dirishani. Saa za kuona wagonjwa ndizo ukaguzi wetu. Sasa fikiria mzee ambaye watoto wake wako Nairobi, Mombasa na Doha, na nauli haipo. Nani anakagua kitanda chake? Sensa ya 2019 ilihesabu takriban Wakenya milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Katiba yetu, Kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata utunzaji kutoka kwa familia na kwa serikali pia. Lakini mjadala wetu wa afya umekuwa wa malipo: NHIF ya tangu 1966, kisha SHA iliyoshika nafasi yake Oktoba 2024, nani amelipiwa na nani amerudishwa getini. Swali la jinsi nyanya alivyotendewa akishapata kitanda huwa halifiki mezani.

Halafu kuna uzi mwingine unaotuunganisha na wadi za akina Robb. Julai 2021, Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kupeleka wauguzi wetu huko. Februari 2022, Uingereza ikafungua viza kwa watunza wazee kutoka nje, mlango ambao ilikuja kuufunga tena kwa waajiriwa wapya Julai 2025. Unawajua waliopita. Ni wale mliosoma nao, waliofanya kozi ya kutunza wazee, wakauza ng'ombe au wakachanga kwa harambee. Leo wao ndio wanaomvisha babu wa mtu miwani asubuhi, au wanaoona amenyimwa. Na viza zao zimefungwa kwa mwajiri. Mwajiri akikatiza udhamini, kwa kawaida una siku 60 za kupata mwingine au kuondoka. Muuguzi wa 1965 aliogopa kupoteza nyumba ya hospitali. Huyu wa leo anaogopa kupoteza nchi nzima, na deni liko nyumbani linamngoja. Ukitaka watu waone na wanyamaze, ni vigumu kubuni mpango bora zaidi ya huo.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha ripoti kwamba hospitali fulani, hapa au ng'ambo, inatunza wazee vizuri, uliza ni nani aliyehojiwa. Uliza kama wazee wenyewe walikuwa na miwani siku hiyo. Uliza kama sista wa zamu ya usiku angeweza kusema ukweli na bado awe na kazi kesho yake. Na ukienda kumwona mzee wako wodini, beba kalamu pamoja na yale matunda. Andika tarehe, saa, chakula kilichobaki kwenye sahani, na mahali ulipoikuta miwani yake. Kazi ya Barbara Robb ilianza na shajara ya namna hiyo, iliyoandikwa na mgeni ambaye hakuna aliyemtuma.