Kilambo: barabara iliyogeuka kiwanja cha ndege, na hesabu ya magunia

Kutoka Goma hadi Walikale, kwa ndege ni kilomita kama 130 tu. Kwa barabara ya Sake, Masisi-centre na Nyabiondo, ni habari nyingine: tope, madaraja mabovu, vizuizi vya wenye silaha. Ndiyo maana kasiterite ilipoanza kuchimbwa Bisie karibu mwaka 2002, wafanyabiashara walitafuta mahali pa kutua ndege, wakapapata Kilambo. Hakikuwa kiwanja. Kilikuwa kipande kilichonyooka cha lami kwenye barabara kuu ya Bukavu–Kisangani, msitu huku na huku. Ndege ilipokaribia, askari walisimamisha magari, wenye baiskeli na waenda kwa miguu wakasogea pembeni, ndege ikatua.

Gunia lilifika hapo limechoka. Wabebaji walilitoa Bisie mgongoni, kilo 50, siku mbili za msitu hadi Njingala, kisha likapakiwa kwenye gari. Njiani kila gunia lilitozwa. Miaka ya 2006 hadi 2009 waliotoza zaidi walikuwa askari wa brigedi ya 85. Kila mtu aliyahesabu magunia hayo kwa faida yake. Rubani aliyahesabu kwa sababu nyingine.

Kasiterite ni nzito karibu mara saba kuliko maji. Antonov An-2, ile ndege ya mabawa mawili-mawili ambayo wakaazi wengi wa Walikale wanaikumbuka, hubeba kama kilo 1,500. Hayo ni magunia 30, nayo yanafunika sakafu tu. Mwenye mzigo akichungulia ndani anaona nafasi tele, anauliza kwa nini asiongeze matano. Lakini ndege haijazwi kwa macho, inajazwa kwa mizani, na mzigo unapangwa ili uzito usiegemee mkiani.

Hesabu yenyewe inaanzia kwenye hewa. Bawa huinuliwa na hewa, injini pia hupumua hewa, na kadiri unavyopanda juu, au kadiri jua linavyochoma, hewa inakuwa nyepesi. Kilambo iko chini ya mita 1,000, kwa hiyo hewa yake si mbaya. Shida ya pale ni wembamba wa lami na miti. Shida kubwa inakuja baada ya kuruka, maana mbele kuna milima ya Masisi inayopita mita 2,000, na ndege iliyolemewa hupanda polepole. Bonde halimsubiri rubani amalize kupanda.

Goma nayo iko mita 1,550 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 25, ndege hapo inahisi kama iko mita 2,300. Hewa imepungua karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na pwani, kwa hiyo ndege lazima ikimbie kasi zaidi ardhini kabla ya kuinuka, na inakula lami nyingi zaidi. Marubani wanaopenda kuondoka asubuhi si kwamba wana haraka: asubuhi hewa ni baridi, na mawingu ya Masisi bado hayajajikusanya.

Halafu mafuta. Lita 62 za mafuta ya jeti zina uzito wa kilo 50, yaani gunia moja. Mahali pasipouzwa mafuta, ndege inakuja na ya kurudia. Kila gunia la ziada ni lita 62 ambazo rubani hana siku ambayo wingu limeifunika Goma na anatakiwa kuzunguka au kwenda kutua mahali pengine. Gunia lina mwenyewe wa kulidai. Lita hizo hazina wa kuzidai mpaka siku zinapohitajika.

Ndege inayoshindwa kupaa haiui walio ndani yake peke yao. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilifunika kwa lava karibu mita 1,000 za kiwanja cha Goma, upande wa kaskazini, zikabaki kama 2,000. Kwa miaka mingi ndege ziliruka kutoka kwenye ukingo wa lava zikielekea mjini. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege ya DC-9 ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa lami na kuingia katika nyumba na maduka ya Birere. Makumi ya watu walikufa, wengi wao hawakuwa na tikiti yoyote.

Bisie haikutuma mawe bure. Ndege zilirudi Kilambo na chumvi, sabuni, bia, nguo. Serikali iliposimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, safari zilipungua, na Walikale ikajua kwamba hata chumvi yake ilikuwa inalipiwa nauli na kasiterite.

Mwishoni mwa Januari 2025, M23 walipoingia Goma, kiwanja cha ndege kilifungwa. Machi waliingia Walikale-centre, wakaondoka mapema Aprili, na familia nyingi zilikuwa zimekwisha kukimbilia msituni na vijijini. Hesabu ni ile ile, umbali ndio umebadilika. Kutoka Kisangani hadi Walikale ni karibu kilomita 380 angani, mara tatu ya safari ya Goma. Ndege ndogo ya injini mbili inayobeba unga wa wahami kutoka huko inahitaji zaidi ya saa moja ya mafuta ya ziada kwenda na kurudi, na saa moja peke yake inakula zaidi ya kilo 200. Hayo ni zaidi ya magunia manne yanayobaki Kisangani kila safari.